Brashi, Futura na diwani ya tarbia: msanii anapochagua fonti

SWALI: Nilisomea uchoraji, lakini riziki yangu kwa sasa ni kusanifu majalada na kupanga kurasa. Mshairi mmoja wa huku Tanga amenikabidhi diwani yake: tarbia nyingi, tenzi mbili, dibaji, na sherehe ya maneno magumu chini ya kurasa. Kitabu ni cha ukubwa wa A5. Jina la kitabu nimeliandika kwa fonti ya brashi kwa sababu ina uhai, na mashairi nimeyapanga kwa Futura kwa sababu ni nzuri na ya kisasa. Mchapishaji amenirudishia kazi na ujumbe mfupi: "Haisomeki, tumia fonti safi." Nina maswali mawili. Fonti huchaguliwa kwa kigezo gani, mbali na kupendeza? Na nikikubali kubadilisha, mimi bado ni msanii, au nimegeuka fundi wa kutekeleza matakwa ya watu?

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, nianze na hukumu, sababu zitafuata. Kuhusu kurasa za ndani, mchapishaji wako yuko sahihi. Kuhusu jalada, yuko sahihi nusu: ile fonti ya brashi haifai, ila dawa yake si hiyo anayoiita fonti safi. Swali lako la pili ndilo linalokuuma, naliona, lakini haliwezi kujibika hewani. Twende kwanza kwenye kurasa.

Futura si fonti mbaya. Paul Renner aliibuni Ujerumani, ikaanza kuuzwa mwaka 1927, na imejengwa juu ya duara, mraba na pembetatu. Ile plaki ambayo wanaanga wa Apollo 11 waliiacha mwezini mwaka 1969 imeandikwa kwa Futura. Kwa maneno machache, makubwa, yenye nafasi ya kupumua, ni wachache wa kushindana nayo. Lakini iangalie a yake ndogo. Ni duara lenye kijiti upande wa kulia, basi. Halina ile paa ya juu inayoonekana kwenye a ya vitabu vingi. Sasa andika "mtoto kaota, mtoto katoka" kwa Futura ya pointi 9, chapisha, unyooshe mkono, usome. Utaona o na a zimekuwa pacha.

Msomaji wa Kijerumani au wa Kiingereza anaweza kulivumilia hilo. Sisi hatuwezi, kwa sababu maneno yetu yamejaa irabu, na a ndiyo inayoziongoza. Neno "akawaangalia" lina herufi 12, na 6 kati yake ni a. Fonti ambayo a yake inasitasita huyumbisha ukurasa mzima wa Kiswahili. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza, na sijaona kikifundishwa mahali pengi: kabla ya kupenda fonti, tazama a. Iwe na umbo lisiloweza kudhaniwa kuwa o, tumbo lake lisiwe finyu kiasi cha kujaa wino, na ikikaa karibu na a nyingine zisionekane kama doa moja.

Ndiyo maana pia siamini vielelezo vya fonti vilivyoandikwa kwa Kilatini bandia au kwa Kiingereza. Huonyesha herufi ambazo hatuzitumii, q na x, na huficha zile tunazozitumia kila mstari. Weka ubeti mmoja wa mshairi wako mwenyewe. Hicho ndicho kielelezo.

Kigezo cha pili ni herufi zinazoibiana sura. Andika "Ilala". Katika fonti nyingi zisizo na serifu, yaani zile zisizo na vijiguu vidogo mwishoni mwa mistari ya herufi, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vilivyosimama pamoja. Gill Sans ni mkosaji mkubwa hapa: I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 vyote ni kijiti kimoja. Kwenye diwani utakutana na "Ilikuwa", "Ilipofika", "Illahi", tena mwanzoni mwa mishororo, mahali ambapo jicho linatua.

Cha tatu ni ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo, nyang'anya, king'ora: alama hii kwetu si pambo, ni sehemu ya herufi. Fonti nyingi za bure, hasa za mapambo, zimeichora bila uangalifu, ikabeba nafasi kubwa kulia kwake, na neno likasomeka kama mawili: "ng' ombe". Nyingine hazina ritifaa kabisa, na kompyuta inaazima ya fonti nyingine kimyakimya. Ipime kabla ya kuanza kupanga, maana ukigundua kwenye ukurasa wa 90 utalia.

Tarbia sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wasanifu wengi hupanga shairi la Kiswahili kana kwamba ni shairi huru. Mshororo wa tarbia ya kawaida una mizani 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili yako: "Nakuuliza mwenzangu, unijuze nifahamu". Ukihesabu herufi, nafasi na mkato, ni 37. Mshororo uliojaa ng', ny, sh na kw unaweza kufika 45. Huo ndio urefu ambao ukurasa wako lazima uumeze bila kuukunja, kwa sababu mshororo ukikunjwa, kina cha mwisho kinaangukia mahali pasipo pake na msomaji anapoteza pigo.

A5 ina upana wa milimita 148. Ukitoa kingo mbili unabaki na 110 hivi. Kwa makadirio yangu, fonti ya ukoo wa Garamond kwa pointi 11 itamaliza mshororo wa herufi 45 ndani ya milimita 75. Verdana ya pointi 12 itaukaribia ukingo wa 110, na neno moja refu litaurusha nje. Verdana haina kosa. Matthew Carter aliichora kwa ajili ya skrini za kompyuta za miaka ya 1990, na upana wake ulikuwa ndiyo dawa ya skrini zile. Ukiitumia hapa utakuwa tu umeipeleka mahali ambapo haikualikwa. Kama mshairi wako anataka ukwapi na utao vitenganishwe kwa uwazi katikati, kama ilivyokuwa katika hati nyingi za zamani za pwani, unahitaji fonti nyembamba zaidi ya ulivyodhani.

Halafu usikate ubeti. Ukipanga pointi 11 zenye mistari iliyoachana pointi 14, ukurasa wa A5 unachukua mistari 33 hivi. Ubeti wa mistari minne na mmoja mtupu ni mistari mitano. Kwa hiyo beti sita na kichwa cha shairi. Beti sita zikae sita, hata kama chini patabaki weupe. Tenzi ni jambo jepesi, vipande vyake vya mizani nane havina shida ya upana. Shida yake ni kwamba ukurasa unaelemea kushoto, na dawa ni kuusogeza utenzi mzima ndani kidogo, si kuweka kila kipande katikati kama kadi ya arusi.

Dibaji usiinyooshe pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza usipoziambia vingine. Utapata "hawatatus-hirikisha", au mistari yenye mashimo ya kupitisha kidole. Acha upande wa kulia uwe huru.

Sherehe ya maneno chini ya ukurasa itakuwa pointi 8, pengine chini ya hapo, na karatasi utakayopewa na kiwanda cha uchapaji haitakuwa ile nyeupe laini ya kwenye sampuli. Karatasi ya bei nafuu hunywa wino. Hapa nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu kitatufikisha kwenye swali lako la pili.

Miaka ya 1970 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilihitaji fonti mpya ya vitabu vya namba za simu. Vitabu vile vilichapishwa kwa mitambo ya kasi, kwenye karatasi duni, kwa pointi 6. Kazi alipewa huyohuyo Carter, na fonti ikatoka mwaka 1978 kwa jina la Bell Centennial. Aliuangalia wino kama adui anayejulikana njia zake: alijua utasambaa na kujaa kwenye kona, pale mistari miwili ya herufi inapokutana. Basi akazikata kona hizo, akaacha mapengo makubwa, ili wino ukisambaa uyajaze yenyewe na herufi itoke sawasawa. Ukiikuza Bell Centennial kufikia ukubwa wa bango, unaona herufi zilizotafunwa na panya. Ukiichapa kwa pointi 6 kwenye karatasi ya gazeti, unaona herufi safi kabisa.

Mwaka 2011 MoMA, jumba la sanaa za kisasa la New York, liliingiza fonti 23 za zama za kompyuta katika mkusanyiko wake. Bell Centennial imo. Haikuwekwa idara ya uchoraji. Iko katika idara ya usanifu wa majengo na ubunifu, pamoja na viti na mashine. Na siku hizi wasanifu vijana hukata yale mapengo kwenye herufi kubwa za mabango, mahali ambapo hakuna wino wa kusambaa, kwa sababu tu yanapendeza. Mimi hutabasamu nikiyaona. Kitu kilichochorwa kwa ajili ya tatizo la wino kimegeuka urembo, na urembo huo sasa hauna kazi. Sisemi ni kosa. Nasema tu ujue unapofanya moja na unapofanya jingine.

Kwa diwani yako, basi, ningechukua mojawapo ya hizi. Charis SIL, ambayo imejengwa juu ya Charter, fonti nyingine ya Carter ya mwaka 1987 iliyoundwa kustahimili printa za uwezo mdogo: ni nene kiasi, serifu zake imara, a yake haina utata, na pointi 8 haiogopi. Au Gentium ya Victor Gaultney, nyepesi na yenye mwendo wa kalamu zaidi, ikiwa mchapaji wako ana karatasi nzuri. Zote mbili ni za bure kwa leseni inayoruhusu kuchapisha na kuuza kitabu bila kumlipa mtu, na zote ziliundwa na watu waliofikiria lugha nyingi za dunia, kwa hiyo ritifaa haitakuangusha. Shirika la SIL, linalozitoa zote mbili, lina pia fonti iitwayo Andika, ya watoto na watu wazima wanaoanza kusoma. Herufi zake zimetenganishwa sura kwa makusudi. Kwa vitabu vya shule ya msingi ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Kwa tarbia za mtu mzima, hapana. Ina sauti ya mwalimu.

Sasa hiyo "fonti safi". Watu wanaposema hivyo mara nyingi wanamaanisha Arial au Helvetica, na nyuma yake kuna wazo la zamani linalostahili heshima kuliko hizo zenyewe. Mwaka 1930 Beatrice Warde, Mmarekani aliyefanya kazi na kampuni ya Monotype huko Uingereza, alitoa hotuba London akisema kwamba mpenda mvinyo akipewa bilauri ya dhahabu na ya kioo kitupu, atachagua ya kioo, kwa kuwa haimfichi kinywaji. Uchapaji mzuri, kwake yeye, ni ule usioonekana. Naikubali hoja hiyo kwa ukurasa wa 63 wa diwani yako, ambapo msomaji anakimbizana na vina. Akisimama, asimame kwa sababu ya shairi. Siikubali kwa jalada. Kazi ya jalada ni kuonekana.

Wala usiamini kwamba kutokuwa na serifu ndiyo usafi. Jan Tschichold, mtoto wa mchora mabango wa Leipzig, alitangaza mwaka 1928 kwamba enzi mpya ina fonti moja ya haki, isiyo na serifu, na nyingine zote zimepitwa. Baadaye, baada ya kuwakimbia Wanazi kwenda Uswisi, aliyaona yale matamko yake kuwa na ukali wa kiaskari, akarudi kwenye fonti za kale. Mwaka 1947 alipokwenda London kunyoosha vitabu vya kampuni ya uchapishaji ya Penguin, alichohangaika nacho zaidi ni nafasi: baina ya herufi kubwa, baina ya maneno, baina ya mistari. Mimi niko upande wa Tschichold huyu wa pili. Kazi nyingi ninazoletewa zikilaumiwa fonti, ukizipa nafasi zake zinapona bila kubadilishiwa fonti.

Na hapo herufi kubwa za Kiswahili zina mtego wao. Majina yetu ya vitabu yamejaa "wa", "ya" na "vya". Ziandike kwa herufi kubwa: WA, YA, VYA. Ni zile jozi hasa za herufi za mshazari zinazoacha mapango kati yao, na kompyuta haizibani ipasavyo kila mara, hasa kwa fonti za bure. Jina la kitabu likiwa kubwa, kila WA lazima uibane kwa jicho lako. Hapa mchoraji ana faida kuliko sisi tulioanzia kwenye kompyuta, kwa sababu umefundishwa kuuona weupe ulio kati ya vitu, si vitu peke yake.

Kwa nini basi naikataa brashi yako, wakati natetea jalada lenye sauti? Kwa sababu si brashi. Mkono unapoandika "Mawimbi ya Saba" hauwezi kutoa a mbili zilizo sawa. Ya kwanza ina wino mwingi, ya tatu imeparuza, ya nne imeharakishwa kwa kuwa karatasi inakwisha. Fonti ya brashi inatoa a ileile kila mara, na parazo lilelile mahali palepale. Kwa lugha yenye a chache, uongo huo unaweza kupita. Kwetu unafichuka kwenye neno la kwanza. Zipo fonti ghali zenye a tatu au nne zinazopokezana. Zinaahirisha tu tatizo. Uhai ulioupenda ni wa mtu mwingine aliyeandika alfabeti mara moja mahali fulani, na wewe umeuazima ukiwa umegandishwa.

Wewe ni mchoraji, ndugu yangu. Chukua brashi. Andika jina la kitabu mwenyewe, mara nyingi, kwa ukubwa mara tatu au nne ya utakaohitajika, kwenye karatasi ya kawaida. Chagua moja, iskani, isafishe kidogo, usiisafishe sana. Jina la mshairi na maelezo ya nyuma yapange kwa fonti ileile ya ndani, kwa utulivu. Mchapishaji akiona maneno yanasomeka kutoka upande wa pili wa duka, nadhani hoja ya "haisomeki" itakuwa imekwisha, na utakuwa umempa kitu ambacho hakuna jalada jingine sokoni linacho.

Nikuombe pia usiende kwenye njia mbili za mkato ambazo majalada yetu yanazipenda. Ya kwanza ni zile herufi za Kirumi zilizopindwa zifanane na Kiarabu, eti kwa sababu kitabu ni cha pwani. Pwani ilikuwa na mwandiko wake. Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu, wala haukuwa peke yake. Ukitaka ladha hiyo, mtafute mtu anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi hizo, umlipe, na maneno yasomeke kweli. Ya pili ni fonti za "Kiafrika", zile nene zenye kingo zilizochongwachongwa. Nyingi ni watoto wa Neuland, ambayo Rudolf Koch aliichonga Ujerumani mwaka 1923. Haina asili yoyote Afrika. Ni wachapishaji wa Ulaya na Marekani walioizoea kwenye majalada na mabango ya mambo ya Afrika, mpaka na sisi tukaanza kuamini ni yetu.

Ukitaka mfano wa nyumbani, tazama kanga. Pindo linafurika, mji una maua, korosho, majogoo, rangi zinazogombana kwa makusudi. Halafu jina limeandikwa kwa herufi kubwa za kawaida kabisa, nyoofu, zisizo na madoido. Aliyezipanga alijua kanga itasomwa ikiwa mwilini, mwenye kuivaa anatembea, na anayesoma ni jirani aliye nyuma yake anayejifanya haangalii. Sanaa imepewa mahali pake pana, na herufi zimeachiwa kazi yao. Wakati mwingine nikikwama na jalada huwa nalitazama sanduku la kanga.

Haya, swali lako la pili. Unaniuliza kama ukikubali kubadilisha utakuwa msanii au fundi. Nikupeleke London, mwaka 1913. Edward Johnston alikuwa mwandishi wa kalamu, pengine wa kwanza Uingereza kwa wakati ule. Maarifa yake aliyapata kwa kukaa na hati za kale za British Museum, akichunguza jinsi kalamu ya unyoya ilivyokatwa na kushikwa miaka mia nyingi kabla yake, na alikuwa mwalimu wa kizazi kizima. Frank Pick, ofisa wa kampuni ya reli za chini ya ardhi, akamjia na shida ya kibiashara: vituo vilikuwa vimejaa matangazo ya kila aina ya herufi, na abiria hawakuweza kutofautisha jina la kituo na tangazo la sabuni. Alitaka herufi za kampuni, zisizofanana na za tangazo lolote.

Johnston angeweza kukataa. Zilikuwa herufi zisizo na serifu, za mistari minene sawasawa, kinyume cha kila kitu ambacho kalamu hufanya. Baadhi ya wenzake wa kalamu walimlaumu kwa kukubali. Ila tazama alichofanya. Uwiano wa herufi kubwa aliuchukua kutoka maandishi ya Warumi yaliyochongwa kwenye mawe: O ni duara kamili, E ni nyembamba. Nukta ya i na j hakuifanya duara wala mraba. Aliisimamisha kwa kona, mfano wa almasi, umbo linalobaki pale kalamu bapa inapogusa karatasi. Na ile l ndogo, iliyowashinda wengi, aliikunja mkia chini ili isigombane na I. Mwanafunzi wake Eric Gill, mchonga mawe, alipotoa Gill Sans mwaka 1928 akifuata njia hiyohiyo, aliuacha mkia ule. Ndiyo sababu nilikuonya juu ya Ilala.

Herufi za Johnston zilianza kutumika mwaka 1916. Zimefanyiwa marekebisho, mwaka 1979 na Eiichi Kono, na tena zilipotimiza miaka 100, lakini bado ndizo zinazomwongoza abiria wa London, na almasi ile bado iko juu ya i. Wengi wanaoisoma hawajui jina la Johnston wala hawajawahi kuona hati ya kale. Kila alichokijua kama msanii kimo ndani, kimewekwa mahali ambapo kinafanya kazi.

Kwa hiyo tofauti ninayoiona mimi kati ya sanaa na usanifu haiko kwenye uzuri, wala kwenye kipaji, wala kwenye nani analipa. Wachoraji wakubwa wengi walilipwa na kuelekezwa na makanisa na wafalme. Iko kwenye unayemjibu. Picha yako ya ukutani inaweza kumsubiri mtazamaji wake, leo asiielewe, mwakani arudi. Ukurasa wa diwani hauna haki hiyo, kwa kuwa mbele yako yuko mshairi aliyehesabu mizani na nyuma yako yuko msomaji aliyelipa apate shairi. Mchapishaji alipokuambia haisomeki hakuihukumu sanaa yako. Alikuambia kwamba mmoja wa watu hao wawili amesahauliwa. Wala neno fundi lisikuchome. Milango ya Lamu na Unguja ilichongwa na mafundi waliopewa vipimo vya mwenye nyumba, na sijasikia mtu akisimama mbele yake akauliza kama aliyeichonga alikuwa msanii.

Kuna wakati wa kukataa, lakini. Mchapishaji akisema jalada liwekwe Arial kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta yake, kataa, na ukatae kwa ushahidi. Chapisha jalada lako na lake kwa ukubwa halisi, yabandike kwenye vitabu viwili vya zamani, uviweke rafuni kati ya vingine, umwite aangalie kutoka mlangoni. Kurasa nazo vivyo hivyo: chapisha kurasa nne kwa karatasi itakayotumika na kwenye mtambo utakaotumika, sherehe ikiwemo, umpe mtu wa makamo asiyevaa miwani mpya akusomee kwa sauti. Pale anapokwama kwenye neno analolijua, tia alama. Alama zikirundikana, badili ukubwa au nafasi ya mistari kwanza. Ukishindwa ndipo ubadili fonti.

Jambo la mwisho ni la mkataba. Jina la kitabu ukiliandika kwa mkono wako, ni mchoro wako, kama mchoro mwingine wowote. Kabla hujamkabidhi mchapishaji faili, kubalianeni kwa maandishi kama anaununua kwa jalada hili tu, au na kwa matangazo, fulana na toleo la pili. Na kwenye ukurasa wa hakimiliki, chini ya jina la mchapaji, omba mistari miwili: mmoja unaotaja aliyesanifu jalada na kuandika herufi zake, wa pili unaotaja fonti iliyopangiwa mashairi na aliyeibuni.